Mbuzi wa Mwenye Kofia

Mama yangu ndiye aliyemleta yule mzungu nyumbani kwetu. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema neno lingine, kwa sababu Kitengela ile ya zamani, ya kabla ya maghorofa, bado inaamini ni mimi.

Mzungu mwenyewe hakuwahi kukanyaga kwetu. Alikuwa mwigizaji wa zile sinema za farasi na ng'ombe, na tulikuwa tukimwona kwenye tivii ndogo isiyo na rangi ambayo mama aliiwasha kwa betri ya gari. Tulikuwa na hoteli ya mabati karibu na pale wauza mifugo walipokuwa wakipumzika siku ya soko. Chai, chapati, supu ya kichwa. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, na sisi tulikuwa watu wa Ukambani katikati ya Wamaasai. Ndugu zetu wote walikuwa mbali. Waliotushika mkono ni wamama wa kanisa. Wao ndio waliomsindikiza baba hadi Machakos kuzikwa, na mama hakusahau hilo hata siku moja.

Jina la yule mwigizaji lilitushinda kutamka, basi tukamwita Mwenye Kofia. Mama alimpenda kwa jambo moja. Kila akiingia nyumba yenye mwanamke, hata kama ana hasira, hata kama anatafutwa auawe, kwanza anavua kofia.

"Umeona?" mama alikuwa akiniambia, mwiko mkononi. "Mtu ako na risasi kwa bega na bado anakumbuka adabu. Na nyinyi hapa mnaniingilia na matope mpaka jikoni!"

Hayo ya mwisho yaliwaendea wateja. Wachunga ng'ombe walicheka, wakarudi mlangoni kupangusa viatu. Wao pia walikuwa wamenaswa na Mwenye Kofia, ila wao walimwangalia kwa macho ya watu wa ng'ombe. Walibishana juu yake kuliko walivyobishana juu ya siasa.

"Ero, huyu ng'ombe si wake," mmoja alisema. "Mtu hawezi kukimbiza ng'ombe yake hivyo. Itakonda."

"Wacha wivu! Stelingi huyo. Ng'ombe yote ni yake."

Mpiganiaji wake mkubwa alikuwa dalali mmoja wa ng'ombe, mtu wa sauti kubwa aliyezunguka kutoka Rombo hadi Kajiado akitafuta mafahali. Huyo ndiye aliyemletea mama picha ya kwanza, ukurasa wa gazeti la watalii alioupata kwenye lodji. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akapika uji mzito wa unga wa ngano uwe gundi, akabandika ule ukurasa ukutani juu ya meza ya chapati. Kuanzia hapo, ugonjwa ukatuingia. Tulikuwa tukiinama kwenye marobota ya mitumba, mama upande huu na mimi upande ule, tukitafuta uso mmoja. Tukapata tisheti yenye kichwa chake, imepauka. Tukapata kikombe kisicho na mkono, kalenda ya mwaka uliokwisha, kava la kanda ya video. Mende walipomla sikio kwenye ule ukurasa wa kwanza, mama alimchorea lingine kwa mkaa. Likatoka kubwa kidogo, lakini nani angemwambia?

Muuza maziwa mmoja wa Isinya, mwanamke Mmaasai aliyekuwa rafiki mkubwa wa mama, alimtengenezea fremu ya shanga, nyekundu na nyeupe na bluu. Alikuja nayo ndani ya shuka.

"Takwenya, yeyo," alimsalimia mama kwa Kimaa.

"Iko," mama aliitikia kwa Kimaa kilichojaa lafudhi yake ya Kikamba, na muuza maziwa akacheka kama kawaida.

"Shika. Mzungu wako asikae uchi kwa ukuta."

Mzungu *wako*, alisema. Hakuna aliyesema ni wangu. Sikieni vizuri.

Halafu ikaja sikukuu. Ukurasa mmoja ulikuwa umeandikwa siku yake ya kuzaliwa, lakini mtu alikuwa ameshafungia mandazi, na kipande chenye tarehe kikaenda na mafuta. Ulibaki mwezi peke yake. Mama akasema haidhuru, tutachukua siku ya soko. Dalali akaleta mbuzi. Mama akapika chapati mpaka mikono ikamuuma. Na sheria ilikuwa moja: kila anayekuja lazima awe na kofia, na akifika mlangoni aivue mbele ya mama.

Mnawajua wazee wa Kimaasai? Wengi hawakuwa na kofia hata moja. Mmoja alikuja na kofia ya sufu ya mtoto, imemkaa juu ya utosi. Mwingine alikuja na sufuria. Dalali alivaa ile ya askari wa gereza, sijui aliitoa wapi, na sikuuliza. Walipanga mstari pale nje, mmoja mmoja akafika mlangoni, akavua, akainamisha kichwa, na mama yangu, mjane wa watu, mpika supu, akasimama na aproni yake akiitikia kama mke wa mkuu wa wilaya. Mimi nilipandishwa juu ya kreti ya soda nikawahadithia sinema nzima kwa Kiswahili. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Aki, nilimpenda siku hiyo. Tulifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na mimi nilikuwa nikiingoja kuliko Krismasi.

Sasa, miaka ile kulikuwa na hofu nchini. Kila mahali watu walizungumza juu ya waabudu shetani. Shuleni tuliambiwa tusipokee peremende kutoka kwa mtu tusiyemjua, tusiguse pete ya kuokota. Na hapo ndipo mtu fulani, sijawahi kujua nani, alipita karibu na hoteli yetu siku ya soko akaona wanaume wamepanga mstari wakivua kofia, na nyuma ya mama, ukutani, picha ya mzungu imezungushiwa shanga. Na mbuzi amechinjwa.

Maneno yalifika kanisani kabla mifupa haijapoa. Ati pale kwa mjane wanamchinjia mzungu mbuzi. Ati wanamsujudia. Ati ana sikio moja la binadamu na moja la kitu kingine.

Lile sikio la mkaa! Hata leo ningecheka, kama ningeweza.

Wamama wa kanisa wakaacha kuja kunywa chai. Chapati za mkutano wao zikaagizwa kwingine. Mama akiwasalimia "Bwana asifiwe" barabarani, walijibu huku wanatembea. Nilimwona mama akipungua. Alikuwa akisimama katikati ya jikoni bila kujua alikuwa anatafuta nini. Usiku nilimsikia akiomba, na jina la baba lilikuwa ndani ya maombi.

Jumamosi moja alichemsha maji, akaniita. "Njoo tubandue. Polepole, zisipasuke."

Tukabandua pamoja. Tuliloanisha kingo kwa kitambaa, tukavuta kidogo kidogo, na pale uji ulipokuwa umeshika sana mama alitumia kisu cha siagi. Nilimuuliza tunazipeleka wapi.

"Isinya, kwa rafiki yangu. Atatuwekea mpaka maneno yapoe. Lakini kesho tutapitia krusedi kwanza, watu wasiseme hatukuja."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Nilizilaza chini ya godoro zikanyooka, nikazifunga kwenye leso pamoja na fremu ya shanga, tisheti na kava la video. Kikombe nilikizungushia soksi kisivunjike. Jumapili niliubeba ule mzigo kichwani mwenyewe, nikimfuata nyuma, nikiangalia nisijikwae. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijiona mlinzi wa mali yetu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Spika zilikuwa zinalia. Pasta, ambaye hakuwa na muda mrefu kwetu, aliita wenye mizigo wapite mbele. Mama akanishika mkono, akanivuta. Nilidhani tunapita tu kuombewa safari. Tulipofika mbele akapewa kipaza sauti.

"Watu wa Mungu," alisema, "mimi ni mjane. Niko na mtoto mmoja tu, huyu. Mnasikia maneno huko nje. Ni kweli. Huyu mtoto ameingiliwa na kitu. Hizi picha ni zake. Nimemkataza mpaka nimechoka. Leo nimemleta, na vitu vyake nimevileta."

Uwanja mzima ukaguna.

Niligeuka nikamwangalia usoni. Hakuniangalia. Nikasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu, watu wote wakasikia, "Mama, si ni zako?"

"Mnasikia?" pasta akapaza sauti. "Limeanza kusema! Linajitetea!"

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Chochote nitakachosema si mimi ninayesema. Mikono ikanijia kichwani, mabegani, tumboni, mikono ya wale wale wamama waliokuwa wakinipa viazi vitamu baada ya Sunday school. Nililia nikisema ni za mama, ni za mama, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kukemea. Mama mwenyewe alikuwa anakemea. Nilisikia sauti yake kati ya zile nyingine, naijua hata gizani. Mwishowe nikaelewa kwamba hawataacha mpaka nianguke. Basi nikaanguka. Wakaimba.

Moto uliwashwa pale pale na nikapewa leso nitupe kwa mkono wangu. Karatasi zilishika haraka. Fremu ya shanga haikuungua vizuri, ilipasuka pasuka na kubakisha waya. Muuza maziwa alipokuja wiki hiyo na kuiulizia, mama alimjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye unga, "Mtoto aliichoma." Yule mwanamke aliniangalia, akachukua mtungi wake. Hakutuletea maziwa tena.

Mama aliniruka futi mia, na akatua pazuri. Wamama walirudi kunywa chai. Hazikupita siku nyingi akawa mwenyekiti wao. Mimi shuleni nikaitwa Bibi ya Mzungu. Dawati langu lilibaki na nafasi. Nilipokuwa mkubwa na mwanaume wa kwanza akaja kwetu kunitaka, shangazi yake aliulizia mtaani, akaelezwa, na hatukuwaona tena.

Nilimuuliza mama mara moja tu. Alikuwa anakanda unga. "Kwa nini ulisema ni zangu?"

Akaendelea kukanda. "Ya mtoto, watu husahau. Mimi wangenimaliza. Na wakinimaliza mimi, wewe ungekula wapi?"

Labda alikuwa na haki. Nimekaa nalo hilo miaka mingi na bado linanichoma. Angenieleza kabla, tukiwa pale na maji ya moto na kisu cha siagi, ningekubali. Naapa ningekubali. Ningeanguka kwa hiari yangu. Lakini aliniacha nizinyooshe chini ya godoro na kuvisha kikombe soksi.

Nilihamia Kajiado, nikapata kazi ofisi za wilaya, nikapata mume asiye na shangazi. Mama magoti yalipomshinda nilimchukua akaja kuishi kwangu. Mtasema nini, ni mama. Alipewa chumba chenye jua la asubuhi na kiti chake sebuleni, na binti yangu akampenda mno susu yake, kama Wakamba tunavyomwita nyanya.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa napanga vikombe. Tivii ilikuwa imewashwa, hii ya rangi. Nikasikia muziki wa farasi. Nikainua macho, na huyo hapo, Mwenye Kofia, anakuja kwenye vumbi. Sikuwa nimemwona tangu ule moto.

Mama alikuwa amesogea mbele kwenye kiti.

"Kumbe ile shati ilikuwa ya bluu," alisema polepole.

Halafu akasema, "Sasa atashuka. Ataenda kwa ile nyumba ya yule mama. Ngoja. Ngoja uone. Atavua kofia."

Akashuka. Akaenda. Akavua kofia. Mama akapiga goti lake kwa kiganja na kucheka kile kicheko cha sikukuu, nilichokuwa nimekisahau kabisa.

"Susu!" binti yangu akasema. "Umejuaje? Kwani unamjua huyu?"

Nilisimama na kikombe mkononi. Mle ndani hakukuwa na pasta. Hakukuwa na mwenyekiti wala wamama wala kipaza sauti. Tulikuwa watatu tu, na mmoja alikuwa mtoto aliyeuliza swali dogo. Nikasema moyoni, mama, sasa. Sema tu ndiyo. Sitaki msamaha, sitaki uniombe chochote, sema ndiyo namjua, basi, na mimi nitakupikia chapati leo na kesho.

"Mimi?" mama akasema. "Apana. Huyu alikuwa wa mama yako. Huyu mtu alimsumbua mama yako sana, mpaka tukamwombea."

Binti yangu akageuka kuniangalia, macho makubwa. Nikaweka kikombe chini. Nikaenda nikasimama katikati ya sebule, mbele ya mama, mdomo umejaa maneno ya miaka yote ile, nikatafuta la kuanzia.

Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, akachungulia kando ya sketi yangu.

"Sogea kidogo," akasema. "Unaniziba."

Nikasogea.