Nilimpangia mjane bei ya sports car, na mnunuzi nikawa mimi

Wakuu, za siku nyingi. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, leo naleta la kwangu. Atakayesema ni chai aseme, ila mimi ndiye niliyelala chini ya hilo gari na najua nilichokiona.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa bara, mwaka wa tisa huu niko Mafia. Jina la gari sitaji. Kisiwa kizima lilikuwa moja tu, nikilitaja nimemtaja na mwenyewe.

Sports car ya Kijapani, milango miwili, manual, nyekundu. Mwenyewe alikuwa rafiki yangu, nimwite Mzee Sefu, mfanyabiashara wa Kilindoni. Alipolivusha watu walimcheka, atalipeleka wapi na barabara zetu hizi? Na kweli hakulipeleka popote. Ijumaa baada ya swala, Kilindoni mpaka Utende kwenye lami, na kurudi. Basi. Akifika nyumbani analiosha chini kwa maji ya kisima kuondoa chumvi, yeye mwenyewe, hamwachii mtu.

Mileage nikiwatajia mtasema imerudishwa nyuma.

Mwaka juzi Mzee Sefu akafariki. Iliniuma. Huyu ndiye aliyenipokea kisiwani wakati sina hata pa kula.

Alimwacha mkewe, Bi Zuhura, ambaye hawakujaaliwa kuzaa naye, na watoto wakubwa wa mke wa kwanza. Mirathi ilikuwa vitu viwili, nyumba na gari. Wale watoto, niwape haki yao, ni waungwana. Walisema gari likifika milioni kumi na mbili, wao wachukue hizo hela na nyumba abaki nayo mama. Lisipofika, vyote viuzwe vigawanywe kisheria.

Kwa hiyo bei ya gari ndiyo ilikuwa nyumba ya yule mama. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, sitaki kujificha hapa.

Bi Zuhura alikuwa kwenye eda, hatoki nje. Akaniita, nikakaa barazani, yeye yuko ndani nyuma ya pazia la mlango. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniomba nipange bei ya haki, kwa sababu magari nayajua na marehemu alikuwa akiniamini. Watoto nao wakaridhia. Nitakachosema mimi ndicho hicho.

Sasa kupanga bei ya gari la Mafia kuna utaratibu wake. Unachukua bei ya Dar. Unatoa gharama ya kulivusha. Halafu unatoa kutu, maana huku chumvi inakula chuma hata gari likiwa limepaki tu, na hiyo kutu ndiyo inayokata bei kuliko kitu chochote.

Bei ya Dar nilishaitafuta mtandaoni, kama milioni kumi na saba hivi. Nikaingia chini na tochi.

Wakuu, chini palikuwa safi. Chesisi kavu, rangi ya kiwandani bado ipo. Nililala pale mchangani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikiwaza akiba yangu ya SACCOS, milioni saba na nusu.

Nikatoka nikajipangusa mchanga. Hemedi, mtoto mkubwa wa marehemu, akaniuliza vipi.

Nikasema, "Kutu ipo."

Hakuna aliyebisha. Gari gani la Mafia halina kutu? Hemedi hata hakuinama kuangalia. Nikasema milioni saba, nikaongeza kwamba wakiridhia nitalichukua mwenyewe, lisiende mbali.

Wakafurahi. Hapo ndipo panaponiumiza mpaka leo. Bi Zuhura akasema kule nyuma ya pazia kwamba nipunguziwe laki tano, kwa wema wangu kwa mumewe.

Na punguzo nikalipokea. Mshenzi mimi.

Eda ilipokwisha nyumba ikauzwa. Bi Zuhura akahamia Kirongwe kwa kaka yake, akapewa chumba cha uani. Mimi nikawa nateleza na gari langu kwenye lami, na nisiwadanganye, miezi ya mwanzo nilifurahia.

Siku moja, niko Utende, mgeni mmoja kutoka Dar aliyekuja kuangalia papa potwe akaomba aingie chini ya gari. Akatoka anacheka, anashangaa chuma kama kile kimekaaje kisiwani. Akanipa kumi na tano na nusu papo hapo.

Nikauza. Zile hela zikanishinda. Nilikaa nazo wiki mbili. Nikatoa milioni tisa, faida yote, nikapanda bodaboda mpaka Kirongwe.

Nilimkuta Bi Zuhura anachambua mchele. Nikamweleza yote, hata lile la tochi. Hakuinua uso, mkono ukaendelea kuchambua. Mwisho akasema:

"Mwalimu, mimi nilikuuliza bei ya gari. Wewe ukanambia ulicho nacho mfukoni."

Nikamsihi hela zote azichukue yeye. Akakataa. Akasema hiyo ni mirathi, haimhusu peke yake, na akampigia simu Hemedi aje na wenzake.

Zikagawanywa mbele yangu. Fungu la mjane ni thumuni, wakuu, moja ya nane. Milioni moja na laki moja na ushee, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kama ningesema ukweli siku ile, angekuwa kwake.

Halafu akanikaribisha chai kama mgeni yeyote. Sikuweza kuinywa.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukiitwa kupanga bei ya kitu na moyo wako unakitaka, kataa palepale, waambie watafute mwingine. Usijidanganye kwamba utakuwa mwadilifu. Mimi nilidhani niko hivyo.

Hemedi tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu. Afadhali angenitukana.

Nipondeni, ruksa. Ila kama kuna mtu humu aliwahi kumtoa mama wa watu kwenye nyumba yake halafu akaweza kumrudisha, aniambie alianzia wapi.