Habari Kamili za Mwalimu wa Sayansi

Jarida la idara ya kemia niliyosomea limeingia kwenye simu yangu leo mchana, nikalifungua huku nasubiri wali uive. Habari za waliohitimu ziko ukurasa wa mwisho, kama kawaida. Huyu amepata shahada ya uzamifu. Yule ameajiriwa kwenye kiwanda cha rangi. Mstari mmoja, kwisha. Nikacheka peke yangu jikoni, maana nilimsikia marehemu nyanya yangu akiuliza, "Na ng'ombe yake iko aje?"

Ngoja nikupeleke Garsen, rafiki yangu, miaka ile ya mwisho ya tisini, mafuriko yakiwa yamerudi mtoni na kutuachia matope, mbu na nyasi za ajabu. Jarida hilo hilo lilikuwa likija kwa basi la Lamu, ndani ya bahasha ya kaki, kwa jina la mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa amesomea idara hiyo, na alipanga chumba uani kwetu. Jumamosi alasiri nyanya alifukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, moshi mtamu ukaenea ua mzima, na mwalimu akaleta kigoda chake atusomee habari za wenzake. Chai ilikuwa ya maziwa matupu, yenye harufu ya moshi ule ule. Hata leo nikinywa chai ya hoteli naiona kama maji ya kusuuzia kikombe.

Sasa, kwetu sisi Waorma habari ina mpango wake. Kwanza amani. Kisha mvua, nyasi, ng'ombe, watoto, na jambo lenyewe huja mwisho, hata likiwa msiba. Anayeruka hatua, nyanya alisema, anaficha maiti. Kwa hiyo mwalimu akisoma kwamba fulani yuko Ujerumani, nyanya alimkatiza, "Mvua nanyesha huko?" Mwalimu, Mpokomo mpole wa kando ya mto, hakuwa na namna. "Inanyesha, mama. Na nyasi zipo." Akatunga hivyo hivyo mpaka ng'ombe wa Ujerumani wakanenepa.

Siku moja nyanya akamuuliza, "Na jina yako iko wapi?"

Mwalimu akalikunja jarida. "Mimi nina habari gani, mama? Wenzangu wana maabara. Mimi nina chupa za soda." Alisema kwa utani, lakini chai yake aliiacha ikapoa. Kila jarida lilikuja na fomu ya kuandikia habari zako, naye aliichana vizuri na kuitia ndani ya kitabu, tupu. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Huyu ndiye aliyetufundisha kupima ndimu na majivu kwa maji ya maua mekundu, darasa zima likishangaa rangi zinavyogeuka.

Alipokwenda sokoni, nyanya akaniambia kwa Kiorma nilete kalamu. Nikaiba fomu moja kitabuni. Yeye akasema, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Amani ipo. Mvua ilizidi, mto ukafika mpaka Minjila, sasa umerudi. Nyasi ni nyingi. Ng'ombe wengine walikufa, waliobaki wana maziwa. Mwalimu ni mzima, hajaoa, tunamtafutia. Ameweka maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa na kwenye kisichofukizwa, akaandika kila siku ni yapi yanaharibika upesi, na darasa zima linajua sababu. Sikuacha neno. Utingo wa basi akaichukua, nami nikaanza kuogopa.

Jarida lililofuata mwalimu alilifungua mbele yetu. Wenzake walikuwa na mstari mmoja mmoja. Yeye alikuwa na nusu ukurasa, pamoja na ile ya kutafutiwa mke. Nikajitayarisha kwa kiboko. Akainuka, akaenda nyuma ya chumba chake, akarudi amenawa uso.

"Mama," akasema, "wamechapisha mpaka nyasi."

Sijawahi kumwona tena mtu mzima akifurahi namna ile, nami nilijivuna wiki nzima.

Basi habari hiyo ndiyo iliyomchukua. Mhadhiri wake wa zamani aliisoma, akamwandikia kwamba jambo la moshi na maziwa linafaa kufanyiwa utafiti, aje asome zaidi. Kabla ya vuli mwalimu alifunga sanduku lake. Tulikaa bila mwalimu wa sayansi mpaka mwaka ukaisha. Na jarida, kwa kuwa lilikuwa lake, likamfuata huko huko. Bahasha haikushushwa tena Garsen.

Siku hizi vibuyu vimeshindwa na mitungi ya plastiki isiyokubali moshi, na hakuna mwenye alasiri nzima ya kumuulizia mtu mmoja. Lakini Jumamosi ile ya kwanza bila mwalimu naikumbuka kuliko zote. Nyanya alimaliza kufukiza, akakaa akitazama mlango wa chumba kilichofungwa, kisha akaniambia polepole, kwa lugha yetu, "Tulisema yote, mjukuu wangu. Tungeficha kidogo."