Nilimsindikiza jirani yangu hadi Kabazana ili nimuonyeshe kwamba unabii ni uongo

Wakuu, habari za siku. Niko humu muda mrefu kama msomaji, leo naandika. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea mtaona wenyewe.

Mimi ni Mkongo wa Kivu ya Kusini, mkimbizi hapa kambi ya Nakivale, Uganda, fundi wa simu. Na siamini. Baba yangu alikuwa mchungaji, akaugua, watu walifunga na kuomba kwa ajili yake wiki nzima, akafa. Tangu siku hiyo mimi na maombi tuliachana.

Naheshimu dini za watu, au ndivyo nilivyokuwa najiambia. Ukweli ni kwamba nilipenda sana ubishi. Mtu akileta simu mbovu anaondoka na simu nzima na maswali mingi kuhusu Mungu.

Jirani yangu ni Mrundi, Mkatoliki wa rozari kila asubuhi. Tunamwita Mama Diane. Diane ni binti yake, walipotezana siku ya kukimbia Burundi, Diane akiwa mtoto. Sasa angekuwa mwanamke mzima.

Mwaka jana rafiki zake walimpeleka kwenye chumba cha maombi. Mtumishi wa Mungu wa pale akamwambia, "Namuona binti yako. Yuko Kabazana, amevaa kitenge cha kijani." Watu wote wakaitika amina.

Kwa wasiojua, Kabazana ni fasi wanapopokelewa wakimbizi wapya kabla ya kupewa kiwanja.

Mama Diane akaja kibandani kwangu, macho yanawaka, akanisimulia. Nikamwambia, "Mama, nitakusindikiza."

Akafurahi. Hakujua moyoni nilikuwa nasema: leo utajionea mwenyewe.

Tukapanda boda, yeye amepakata sufuria ya ndizi na maharage, imefungwa kwa kitambaa. Chakula cha Diane.

Getini, askari Mganda akatusikiliza vizuri. Akaenda kuuliza wenye orodha, akarudi. "Mama, hiyo jina hapana. Lakini ingia, angalia watu na macho yako."

Tukaingia. Mama Diane alipita kwenye foleni ya chakula, akiangalia uso mmoja mmoja. Hakuruka hata mmoja.

Karibu na bomba la maji alikuwepo mwanamke wa kitenge cha kijani, ametupa mgongo. Mama Diane akasimama. Hata mimi, wakuu, nilisimama.

Mwanamke akageuka. Alikuwa Mkongo mwenzangu, amefika juzi.

Mama Diane alimwangalia kidogo, akamsalimia, akamkabidhi ile sufuria. "Kula, mwanangu."

Tukatoka. Tukiwa tunasubiri boda kando ya barabara, nikasema neno ambalo mpaka leo nalijutia.

"Sasa umeona, Mama? Sikukuambia hawa watu ni waongo?"

Akasema, "Wote kule kwenye maombi walisema amina. Aliyekuja kutafuta pamoja na mimi ni wewe."

Aibu ilinipanda. Nikaona bora niseme. "Mama, sikuja kutafuta. Nilikuja ili nishinde."

"Najua. Wewe husadiki, na unapenda kushinda. Lakini ulipoona kile kitenge nawe ulisimama. Nilikuona."

Boda ikaja, tukapanda.

Wiki iliyofuata nilikuwa naenda Mbarara kununua vioo vya simu. Nilikuwa nimesikia kuna ofisi kule inayosaidia watu waliopotezana na ndugu. Nikamuomba tuende wote.

Tulipofika mjini akataka kwanza apite kanisani. Zamani ningetoa hotuba. Siku hiyo niliingia nikakaa kiti cha nyuma. Sikupiga magoti, naye hakuniambia nipige.

Alipomaliza tukaenda ofisini. Yeye anaeleza kwa Kirundi na Kiswahili, mimi najaza fomu: jina, alama ya kovu kwenye goti, walipoonana mwisho.

Jibu bado. Diane hajapatikana, na sitawadanganya kwamba kuna dalili.

Mama Diane bado anasali. Mimi bado siamini. Yule mtumishi nilimfuata nikamuuliza kwa nini alimtuma mama wa watu barabarani kwa maneno yasiyo na hakika. Akasema Diane hakuonekana kwa sababu imani ya Mama ilipungua. Hapo sikuvumilia, nikamkemea, na sioni kwamba nilipaswa kuvumilia. Mama mwenyewe hajarudi kwenye chumba kile, amebaki na rozari yake.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani kuvumilia imani ya mtu ni kumuacha apite na Mungu wake, huku mimi nasubiri aanguke nimuambie nilijua. Huko si kuvumiliana. Unaweza kukataa unabii na bado ukabeba haja ya mtu kama yako.

Kama wewe uliwahi kushinda ubishi ukabaki na aibu, andika hapa chini ulifanya nini baadaye. Nitasoma zote, za waamini na za wenzangu.