Mkono wa Kushoto wa Baba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, asubuhi yenye ukungu mzito. Mashamba ya chai hayakuonekana, ungedhani nyumba yetu hapa Mogogosiek inaelea. Wageni walikuwa wanakuja kuniposa. Kiharusi kilikuwa kimempiga Baba miaka kadhaa nyuma. Upande wake wa kulia ulipooza, na maneno yalimtoka moja moja, kama matone ya paa mvua ikishaisha.

Kwetu msichana haondoki bila baraka ya babake. Lakini baba mdogo alisema atanibariki yeye, Baba abaki chumbani.

"Baraka haitolewi na mkono wa kushoto," alisema. "Na wageni watangoja mpaka lini amalize kusema?"

Mimi niliona haya kusema mbele ya watu. Niliangalia chini tu, ingawa nilimtaka Baba, si mwingine.

Shangazi, dada yao mkubwa, alikuwa anapanguza kibuyu cha maziwa lala, yaliyogandishwa kwa ajili ya baraka. "Wa kulia umelala, Mungu akamwachia huo," alisema. "Ama utamkopesha wako?"

Watu walicheka. Kisha aliingia chumbani, akainama mbele ya Baba. "Ndugu yangu, nani ambariki mtoto wako?"

Asubuhi yote hakuna aliyekuwa amemuuliza. Baba alijigonga kifua.

Wageni walipofika tulimkalisha nje. Alichovya vidole vya kushoto kwenye maziwa, akanipaka kwenye paji la uso. "Enda," alisema. Tukangoja. Ukungu ulipita katikati yetu polepole. Nilikuwa kama ninaota. "Na... amani." Hakuna mgeni aliyelalamika.

Mwanangu, Baba hakupona. Aliishi hivyo miaka mingi, wa kuoshwa, wa kugeuzwa kitandani, wa kushikiwa kikombe. Mama alichoka mpaka akakonda, ndipo tukajifunza kupokezana. Mzigo ukibebwa na wengi huwa mwepesi. Wahenga walisema pia mgonjwa haulizwi uji, lakini nadhani huyo ni mgonjwa wa siku mbili. Anayeishi na ugonjwa wake, muulize: uji ama chai, ndani ama juani? Halafu ungoje jibu. Usimmalizie maneno. Na yule anayemtunza, mpokee, naye alale.

Mungu akupe mikono laini na masikio yasiyo na haraka. Na uzee wako ukifika, upate mtu wa kukungoja.