Gurudumu la Mbele Kushoto

Leo nimeambiwa mbele ya akina mama saba wa kanisa kwamba breki zinachemka kwa sababu sijui kuendesha.

Tulikuwa tunatoka Kanyangi kwenda harusi Ikutha. Harufu ya kuungua ikatufikia, nikaegesha.

Shemeji yangu, niliyempa lifti (kumbukeni hilo), akatangaza: "Huyu hulalia breki, mguu hautoi! Lete funguo, ama hawa wamama watafute gari ingine."

Miaka kumi na tisa naendesha hii pikapu. Niliinunua kwa ndengu za shamba langu.

Nikazunguka gari nikisogeza kiganja karibu na kila gurudumu, nikihesabu hadi joto linishinde. Kwa matatu nilifika kumi bila shida. La mbele kushoto, hata mbili sikufika.

"Shemeji, mguu wangu unakanyaga gurudumu moja tu?"

Akageukia masufuria ya harusi nyuma ya pikapu, kuyapanga upya.

Gurudumu lilipopoa tukaenda polepole hadi kwa fundi. Akainua gari kwa jeki, gurudumu likakataa kuzunguka. Akalegeza skrubu ya kutolea mafuta ya breki, yakaruka, na gurudumu likaachia papo hapo.

"Huu mpira unaopeleka mafuta kwa breki umeziba ndani," akasema. "Yanaingia lakini hayarudi, kwa hivyo breki inabaki imeshika. Mama, hii si makosa yako."

Jamani, nilitaka kumkumbatia.

Akafunga mpira mpya. Njiani nilisimama mara tatu nikapima kwa kiganja: kumi, kumi, kumi. Tukafika kabla ya bibi harusi.

Na shemeji? Akina mama walipiga kura kumtoa kiti cha mbele, saba kwa sifuri. Amesafiri nyuma, ameshikilia masufuria.

Wewe nani amewahi kukufundisha kuendesha akiwa kwa lifti yako?