Mwanamke Aliyepepea Televisheni

Lorelle Pascoe alirudi masomoni, kwenye chuo cha mjini kwetu, akikaribia miaka hamsini, baada ya binti yao wa mwisho kuhamia jiji la Brisbane. Sisi wa mji huu wa miwa tulimjua kama mke wa Kelvin, na hilo lilitutosha. Kelvin alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya kiwanda cha sukari na kiongozi wa zimamoto wa kujitolea. Pampu yako ikigoma Jumapili, unampigia Kelvin. Kimbunga kikiezua paa lako, Kelvin anafika na turubai kabla machozi hayajakauka. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyeleta mashine akanivunia miwa ya msimu ule, na hata bia hakutaka. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hayo hutaelewa kwa nini tulichelewa kuona.

Kozi ilikuwa ya uandishi, kila Jumatano mchana, kwenye jengo dogo nyuma ya maktaba. Mimi nilijiandikisha kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Lorelle aliketi karibu yangu, mikono juu ya mapaja kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Shule yenyewe aliiacha akiwa msichana, akaenda kuuza mikate.

Mwanzoni aliandika machweo, kasuku, mvua juu ya miwa. Mwalimu wetu, Imelda Fogarty, aliyewahi kuwa mwandishi wa magazeti, alimwambia kazi yake ni safi kama chumba cha wageni, na hakuna aliyewahi kulala humo. Lorelle akawa mwekundu hadi masikioni. Nilidhani hatarudi. Jumatano iliyofuata alikuja wa kwanza.

Siku moja Imelda alitutaka tuandike kuhusu chumba tunachokijua kuliko vyote, bila kumweleza msomaji ahisi nini. Lorelle aliandika jiko lake, akasimama kulisoma. Ndani yake mwanamke anaandaa chakula cha jioni. Anaondoa birika motoni kabla halijapiga mluzi. Anageuza vikombe, vishikio vyote vielekee dirishani. Halafu anasikia gari likikata kona kutoka barabara kuu. Anazima televisheni, anaipapasa juu kwa kiganja, kisha anachukua gazeti na kuipepea ipoe.

Hizo zilikuwa televisheni za zamani, zile nene za mgongo, zilizokuwa zikipata moto kweli.

"Lorelle," Imelda akauliza taratibu, "huyu mama anamwogopa nani?"

"Hamwogopi mtu. Anapenda tu mambo yawe sawa."

"Sasa kwa nini anaipepea televisheni?"

Lorelle akaitazama karatasi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiandika. Shingo yake ilitoka madoa mekundu. Akasema atafikiri, akaketi.

Tulipotoka aliniambia, huku anacheka, kwamba Kelvin hapendi televisheni iwashwe mchana. Hajawahi kulisema. Akifika tu, huipapasa, na ikiwa na joto hatamki neno kwa siku kadhaa. Huangalia pia gari limekwenda kilomita ngapi.

"Lakini hajawahi kunigusa, Pina," akasema. "Hata sauti hajawahi kuninyanyulia."

Nami nikacheka naye. Sikujua nifanye nini kingine.

Tangu siku ile uandishi wake ulibadilika. Maneno ya mapambo yalipukutika, sentensi zikakonda, zikaonyesha mifupa. Aliandika kuhusu mbwa wao, aliyekuwa akibweka kila Lorelle akiongea na dada yake kwa simu. Asubuhi moja mbwa hakuwepo. Mume akazunguka na mkewe Jumamosi nzima kumtafuta, akipiga miluzi mashambani, akiwauliza majirani kwa upole. Lorelle hakuandika kilichompata mbwa. Aliandika tu kwamba mume hakutazama hata mara moja upande wa mtoni, na kwamba jioni alikula akashiba.

Nilimuuliza kwa nini anajitesa na mambo hayo.

"Nikiandika, nayaona," akanijibu. "Nikiacha, nayasahau. Na yeye anataka nisahau."

Kelvin alikuja darasani wakati wa kuchoma miwa, Jumatano ambayo majivu meusi yalikuwa yakianguka mjini kote, yakitua kwenye nguo zilizoanikwa. Alibisha hodi akiwa na keki mkononi. Akamwomba Imelda ruhusa ya kuketi. Alisema anataka kuona mkewe anafundishwa nini, maana siku hizi chakula chake hakinogi, ni mawazo tu. Watu wakacheka. Akachagua kiti nyuma ya Lorelle.

Imelda alibadilisha somo hapo hapo, akatufundisha matumizi ya alama ya mkato. Lorelle hakugeuka. Keki ilipokatwa, Kelvin akauliza kama leo hakuna anayesoma.

Mzee Stan, dereva mstaafu wa treni za miwa ambaye hana baya na mtu, akadakia. "Mkeo ana hadithi nzuri sana ya jikoni, bwana. Mwambie akusomee."

Tabasamu la Kelvin halikuondoka. Alichofanya ni kuweka uma wake kando ya sahani, kisha kuusogeza kwa kidole, taratibu, mpaka ukanyooka sawasawa.

Baada ya hapo Lorelle hakuonekana kwa muda. Aliporudi alikuja kwa miguu, barabara ikichemka. Gari lilikuwa bovu, na fundi bora wa mji mzima hakuwa amepata kipuri. Nikaanza kwenda kumchukua kwa gari langu la shamba. Karatasi zake tuliziweka kwangu, na kwangu ndiko alikoandikia, uso ukielekea mlango.

Mwisho wa mwaka chuo kilifanya usomaji wa hadhara maktabani, Jumamosi mchana. Kelvin alijitolea kupanga viti na kufunga vipaza sauti. Kisha akaketi mstari wa mbele, mkono juu ya kiti kitupu cha pembeni yake. Imelda alimnong'oneza Lorelle kwamba hakuna ubaya kusoma ile ya kasuku.

Lorelle akasimama na jiko lake.

Alisoma bila haraka. Mwanzoni watu walitabasamu, kila mtu ana birika na vikombe. Kisha mke wa mmoja wa vijana wa zimamoto akashusha kikombe chake cha chai sakafuni. Alipofika kwenye gazeti na televisheni, hakuna aliyekuwa akimtazama msomaji. Tulikuwa tukitazama kisogo cha Kelvin.

Yeye ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Akapanda jukwaani, akambusu shavuni, akatugeukia. "Mnaona kipaji hiki? Nimekaa nacho nyumbani miaka yote." Watu hawakujua wacheke au la. "Haya mpenzi, twende nyumbani."

"Siendi, Kelvin."

Aliisema chini chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi. Kelvin akamnyooshea mkono, akangoja. Vidole vya Lorelle vilibaki juu ya karatasi. Mzee Stan akainuka, magoti yakilia, akaenda kusimama kando yake. Imelda naye. Mimi nikachukua mkoba wake.

Kelvin akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayekariri sura. Halafu akaanza kukunja viti. Alivikunja vyote, akavipanga ukutani, akaondoka.

Siku ile ile nilimpeleka Lorelle kwa dada yake katika mji mkubwa wa Townsville, kusini. Huko aliingia chuo kikuu, na hadithi yake ya mbwa ikachapishwa kwenye mkusanyiko ambao ninao kabatini. Mjini kwetu maneno yaligawanyika. Wengi walisema amemdhalilisha mtu mwema kwa sababu ya televisheni. Mwanawe wa kiume aliacha kuzungumza naye. Binti alikuja kumwona, wakakaa mchana kutwa, na alipoondoka alimwambia kwamba hata yeye alikuwa akiipepea.

Kelvin aliendelea kutengeneza pampu za watu. Kila tukikutana dukani aliniuliza, "Lorelle hajambo?" Siku moja akaongeza, "Bado anakaa ile mitaa ya nyuma ya hospitali?" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote anakoishi. Nilipomweleza, Lorelle alihama nyumba wiki ile ile.

Mwezi wa pili mwaka huu, muhula ulipoanza, Kelvin alijiandikisha kozi ya uandishi. Imelda alikwenda kwa wakubwa wa chuo, wakamjibu kwamba mtu huyu hajavunja kanuni yoyote.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika safari. Kelvin alisoma yake kwa sauti ya upole. Mwanamume anatoka kwake alfajiri, anaelekea kusini, anavuka mito yote tunayoijua. Anaingia mji mkubwa, anapita mtaa wenye miembe ya barabarani, anasimamisha gari mbele ya geti la kijani lenye bawaba moja iliyolegea. Anasikia mtu akipiga chapa ndani. Anakaa garini, anasikiliza. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na hilo ndilo lililonisisimua mwili. Wapya darasani walimsifu.

Imelda alipeleka nakala kituo cha polisi. Askari akaisoma yote, akasema ni hadithi nzuri, na hadithi si kosa.

Nikampigia Lorelle.

"Geti la rangi gani?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na bawaba.

Nikasikia hatua zake, kitasa kikigeuzwa, komeo likisukumwa, kisha kiti kikiburutwa hadi mlangoni. Nilimwambia nakuja kumchukua sasa hivi. Akasema nije, lakini kwanza nisikate simu. Karatasi zikachakacha upande wake.

"Haya, nina kalamu," akasema. "Niambie alivyosema, neno kwa neno. Usiruke kitu."