Maji ya Ng'ombe Mwekundu

Juzi kliniki hapa Mpanda, nesi alikuwa mlangoni, mbele ya benchi letu la wanaosubiri, akimweleza mfugaji mmoja wa Kakese hali ya mkewe, mwenye mimba ya miezi mitano, aliyetokwa damu. "Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Asilime, asibebe maji. Apumzike."

Mume akaegemea fimbo yake. "Sasa maji atachota nani?"

Mke, aliyekaa kando yake, akamuuliza taratibu, macho chini, "Baba watoto, yule ng'ombe mwekundu alipotokwa damu na mimba yake, nani alimpelekea maji zizini?"

Mume akaitazama fimbo. "Mimi."

Pale benchini, sisi wanaume wa Majengo, mjini hapa, tukatazamana. Hatufugi. Sijui wake zetu watatukumbusha kwa mfano gani.